Jibu: Tetemeko limepiga nchi ya nje, sisi watu wa afya wa Bukavu tusaidie vipi?

Dada wa Kadutu, hapa Bukavu, ameuliza: yeye ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, ana daktari mmoja na mwenzake wa ganzi, wameona picha za majengo yaliyoanguka na wanataka kukata tiketi. Nianze na hiyo tiketi: msiikate bado.

Kutoka Bukavu ni kuvuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, kushika barabara hadi Kigali, kisha ndege mbili au tatu. Mkifika, siku ya tatu imepita. Wengi wanaotoka hai chini ya vifusi hutolewa siku ya kwanza, na wanaowatoa ni majirani, kwa mikono na sepetu. Tena, nchi iliyopigwa ndiyo inayoamua nani aingie. Moroko, baada ya tetemeko la 8 Septemba 2023, ilipokea vikosi vya nchi nne tu: Uhispania, Uingereza, Qatar na Falme za Kiarabu. Waliobaki walisubiri bure.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha vikosi vya tiba vya dharura. Kituo kidogo kisichohamahama kinatakiwa kuona wagonjwa 100 kwa siku na kujitegemea wiki 2. Kikosi cha upasuaji kinatakiwa vitanda 20, operesheni kubwa 7 au ndogo 15 kwa siku, na wiki 3 bila kuomba maji, chakula, mafuta ya jenereta wala mahali pa kulala. Watu watatu wenye mabegi hawawezi. Watakunywa maji ya majeruhi. Kwa hiyo jiandikisheni sasa, kabla ya tetemeko lolote, kwa shirika linalotuma vikosi: Msalaba Mwekundu, Madaktari Wasio na Mipaka na wengine wenye ofisi huku kwetu. Kifaransa chenu ni mali huko Haiti, nchi iliyopigwa 12 Januari 2010 na tena 14 Agosti 2021.

Sasa kazi yenyewe. Kinachowashangaza wageni wengi ni mtu anayeongea vizuri chini ya nguzo, kisha anakufa dakika chache baada ya kutolewa. Nyama ya mguu iliyobanwa kwa saa nyingi inakufa na kuachia potasiamu, chumvi ya mwilini inayosimamisha moyo ikizidi. Ukiondoa uzito, damu inarudi na kuipeleka yote kwenye moyo kwa mara moja. Dawa ni kuanza serumu (maji ya mshipani) KABLA ya kunyanyua nguzo: serumu ya chumvi 0.9%, lita 1 kwa saa kwa mtu mzima, mililita 15 hadi 20 kwa kilo kwa saa kwa mtoto. Baada ya saa 2 punguza hadi nusu au chini yake. Serumu ya Ringer iacheni, ina potasiamu ndani yake. Wekeni sonda (mpira) ya mkojo mapema. Mkojo wa rangi ya chai nzito ni alama mbaya, na lengo ni kupata zaidi ya mililita 50 kwa saa. Serumu ikiingia na mkojo hautoki, acheni kumimina, maana mapafu yatajaa maji. Huyo ni wa kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na wakati anasubiri apewe nusu lita hadi lita 1 kwa siku, pamoja na kufidia kile anachopoteza.

Moyo ukianza kubadilika kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kalsiamu glukonati 10%, mililita 10, polepole. Hiyo inaukinga moyo kwa muda mfupi tu, potasiamu haiondoki. Fuatisheni insulini uniti 10 na glukosi gramu 25, na mpime sukari tena na tena. Ndugu wa ganzi: suksametonium, ile dawa ya kulegeza misuli, usiiguse kwa hawa, inapandisha potasiamu zaidi. Ketamini mnaijua, ndiyo ya kutumia.

Hesabu ya mizigo nayo: majeruhi mmoja wa namna hii anaweza kumaliza lita 6 siku ya kwanza. Watu 20 ni lita 120, zaidi ya kilo 120 za serumu peke yake. Ulizeni kwanza ipo wapi kule.

Vidonda. Hapa ndipo mikono ya Kivu ina faida, kwa sababu mmezoea majeraha ya vita, na kanuni ni ileile. Kidonda cha vifusi USIKISHONE siku ya kwanza. Kioshe kwa maji safi mengi, kata nyama isiyotoa damu na isiyoshtuka ikibanwa kwa koleo, funika kwa kitambaa kikavu, kisha rudi nacho kwenye chumba cha upasuaji baada ya saa 48. Kikiwa safi, shona siku ya 5 hivi. Kidonda kilichoshonwa haraka ili kipendeze ndicho kinachooza siku ya tatu, na hapo mguu unaondoka. Chanjo ya pepopunda kwa kila mwenye kidonda, maana ugonjwa unaweza kuchelewa hadi wiki 3. Sahani na skrubu za ndani ya mfupa zisubiri hospitali safi. Huko hemani ni fremu ya nje (vyuma vinavyoshika mfupa kutoka nje ya ngozi) au bandeji ya jasi. Kukata mguu kuamuliwe na madaktari wawili, mgonjwa akikubali kwa lugha anayoisikia, na ngozi ibaki ya kufunikia mfupa.

Karatasi: nakala ya diploma, cheti cha Ordre (baraza la taaluma yenu), pasipoti yenye miezi 6 mbele, na kadi ya njano, kwa sababu mtu anayetoka Kongo huulizwa chanjo ya homa ya manjano mipakani.

Juu ya bandeji ya jasi andikeni kwa kalamu ya marka tarehe ya kuvunjika, tarehe ya operesheni, na mchoro mdogo wa mfupa. Karatasi hupotea, mguu haupotei. Nakala ya rejista ibaki kwa wenyeji. Na mkiondoka waachieni ufunguo wa zile fremu za nje: bila huo, mtu atakaa na vyuma miezi na miezi kwa kukosa wa kuvilegeza.