Maswali ya Wasomaji: Pikapu ya Dizeli Inavuta, Je, Inabeba?

SWALI: Naishi Texas na nataka kuanza kazi ya kusafirisha mizigo kwa pikapu. Nimepata Ram 2500 ya dizeli. Muuzaji anasema inavuta pauni 18,000. Tela langu ni la guzneki (la shingo inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu) na likijaa linafika pauni 14,000. Mbona stika ya mlangoni imeandikwa pauni 2,100 tu? Nimwamini nani? (Msomaji, Houston)

JIBU: Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, ila muuzaji anakutajia uwezo wa kuvuta, na stika inakutajia uwezo wa kubeba. Kwa pikapu ya dizeli ya daraja la 2500, kinachokwisha kwanza karibu kila mara ni uwezo wa kubeba.

Sababu ni hii. Pikapu nyingi za daraja hilo zimeandikishwa na kiwanda kwa GVWR ya pauni 10,000 (kilo 4,536), yaani uzito wa juu kabisa wa gari lenyewe pamoja na kila kilicho ndani na juu yake. Injini ya dizeli ya Ram hiyo, Cummins ya lita 6.7, peke yake ina pauni zipatazo 1,100. Ongeza kabini ya milango minne na gia ya kuvuta magurudumu yote, gari tupu linafika karibu pauni 7,900. Zinazobaki ndizo 2,100 ulizoziona. Ndiyo maana pikapu ya petroli ya daraja lilelile huweza kubeba zaidi ya ya dizeli, ingawa kwenye mlima itaachwa nyuma.

Tela la guzneki hufungwa katikati ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, na hulaza hapo asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake. Piga hesabu kwa asilimia 20: tela la pauni 14,000 linaweka pauni 2,800 mgongoni mwa gari. Wewe na msaidizi wako, kifungio, minyororo na vifaa, weka 400. Jumla ni 3,200, umezidisha kwa 1,100 kabla hata hujatoka uwanjani.

Anza na stika basi, urudi nyuma: 2,100 toa 400 ni 1,700, gawanya kwa 0.20, unapata 8,500. Hilo ndilo tela la guzneki linaloifaa pikapu hiyo. Kwa tela la 14,000 tafuta daraja kubwa zaidi, la 3500, ikiwezekana lenye matairi manne nyuma. Angalizo moja: gari lenye GVWR iliyozidi 10,000 halilazimiki kisheria kubandikwa stika ya uwezo wa kubeba ya aina hiyo. Ukiikosa, lipime gari tupu likiwa na tangi lililojaa, kisha toa uzito huo kwenye GVWR.

Usidanganywe na injini. Dizeli italivuta tela lako bila kulalamika. Matairi ya nyuma ndiyo yatakayochemka na kupasuka, na breki ndizo zitakazokuangusha kwenye mteremko.

SWALI: Nitajuaje uzito halisi bila kubahatisha? (Msomaji, Ohio)

JIBU: Nenda kwenye mizani ya CAT, ipo katika vituo vingi vya malori. Ekseli ya mbele ikae kwenye sahani ya kwanza, ya nyuma kwenye ya pili, na ekseli za tela kwenye ya tatu. Chukua tiketi, kafungue tela, urudi upime pikapu peke yake, mafuta yakiwa kiasi kilekile na watu walewale.

Mfano. Pamoja na tela: mbele 4,650, nyuma 6,150, tela 11,200. Pikapu peke yake: 8,200. Pikapu ikiwa na tela ina 10,800 (4,650 jumlisha 6,150). Toa 8,200, kumbe tela limelaza pauni 2,600 juu ya gari. Uzito kamili wa tela ni 13,800. Sasa linganisha na stika: ikiwa GAWR ya nyuma, yaani uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwenye ekseli hiyo, ni 6,200, ekseli imepona kwa chupuchupu, lakini GVWR ya 10,000 imepitwa kwa 800. Wengi huangalia ekseli tu wakaridhika.

Kama tela lako linafungwa nyuma ya bampa, uzito unaokalia kifungio uwe asilimia 10 hadi 15. Ukishuka chini ya 10, tela huanza kuyumba mkia kwa mwendo wa barabara kuu; sogeza mzigo mbele ya ekseli za tela. Kifungio nacho kina stika yake. Ikiwa imeandikwa namba ndogo kuliko ya gari, fuata hiyo ndogo.

SWALI: Nikifunga mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, naongeza uwezo? (Msomaji, Minnesota)

JIBU: Hapana. Gari litakaa sawa na taa hazitawamulika wenzako machoni, basi. Ekseli, rimu, matairi na breki ni vilevile, na GVWR haibadiliki.

SWALI: Nahitaji CDL, ile leseni ya kuendesha magari ya biashara? (Msomaji, Texas)

JIBU: Kwa kazi ya biashara, CDL ya daraja A inatakiwa pale GVWR ya gari na ya tela zikijumlishwa zinafika pauni 26,001 au zaidi, na tela lenyewe limezidi 10,000. Pikapu ya 10,000 na tela la 14,000 ni 24,000, huhitaji. Pikapu ya 14,000 na tela hilohilo ni 28,000, unahitaji, hata kama tela ni tupu, kwa sababu askari anasoma kilichoandikwa kwenye vibati. Ukivuka mpaka wa jimbo kibiashara na jumla imefika 10,001, utahitaji pia namba ya USDOT (ya usajili katika Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) na cheti cha afya cha dereva.