Wadogo zangu mnaosoma Roma, mwacheni Juvenal apumzike kidogo

Jana nimekaa kwenye semina ya mwaka wa pili. Mawasilisho matatu kati ya manne yalianza na "mkate na michezo", maneno ya mshairi Mrumi Juvenal kwamba watu wa Roma walitamani hayo mawili tu. Nawapenda, lakini nilitamani kuzima projekta, maana maneno hayo yaliniangushia sura nzima ya tasnifu.

1. Michezo anayoisema Juvenal, circenses, ni mbio za magari ya farasi za Circus Maximus, uwanja wa mbio wa Roma. Msiweke chini yake picha ya Colosseum, uwanja wa magladiata (wapiganaji wa maonyesho) uliofunguliwa na Kaizari Titus mwaka 80 BK.

2. Ulizeni nani anasema. Mimi sikuuliza. Sura yangu ya tatu ilidai kwamba Warumi wote walipumbazwa kwa starehe, na mashahidi wangu walikuwa watatu: Juvenal, Pliny Mdogo, aliyeandika kwamba mbio za magari hazimvutii hata kidogo, na Seneca, aliyesema alitoka kwenye umati wa uwanjani akiwa mkatili kuliko alivyoingia. Msimamizi aliandika pembeni mara mbili, "Nani huyu?" Nikaongeza tanbihi, nikadhani nimejibu.

Siku ya utetezi, mama mmoja wa jopo, mpole kabisa, akaniuliza: "Mwanangu, kati ya mashahidi wako, nani aliwahi kupanga foleni ya nafaka?" Nikanyamaza. Nafaka hiyo, ndiyo "mkate" wa Juvenal, serikali iliwagawia raia wa Roma. Pliny na Seneca walikuwa maseneta matajiri. Juvenal alikuwa mshairi wa tashtiti, na mshairi wa tashtiti hukuza mambo ili yachome. Akaniambia nifungue barua ambayo Pliny anamsifu mjomba wake kwa kutopoteza muda: hata akitoka kuoga, huku akisuguliwa na kukaushwa, alisomewa kitabu. "Sasa niambie," akasema, "aliyekuwa akimsugua alipumzika saa ngapi?" Barua hiyo nilikuwa nimeinukuu mwenyewe, na yule msuguaji sikumwona. Nilikuwa nimeokota dharau ya watu wachache nikaiita maisha ya mji mzima. Sura ikafutwa yote. Nikapanda daladala na kupitiliza kituo changu, na miaka imepita lakini swali lile bado nalisikia kila ninaposahihisha kazi zenu.

3. Otium, yaani muda wa mapumziko, si uvivu; isomeni sambamba na negotium, yaani shughuli.

4. Msitenganishe fasihi na burudani. Mwaka 165 KK tamthilia ya Terence, mwandishi wa vichekesho wa Roma, iitwayo Hecyra, ilivunjika kwa sababu watu walivutiwa na mabondia na mtembea kwenye kamba. Mwaka 160 KK ikavunjwa tena na habari za magladiata. Ila angalieni: habari hiyo tunaipata kwenye utangulizi wa tamthilia yenyewe, yaani kwa upande uliokimbiwa.

5. Shukeni chini, kwenye kuta na sakafu. Timgad, mji uliojengwa na Kaizari Trajan mwaka 100 BK katika Algeria ya leo, una ubao wa mchezo uliochongwa kwenye mawe ya uwanja wa mji. Maneno yake yanasema: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndiko kuishi. Kwa Kilatini yamepangwa kwa mafungu sita ya herufi sita, kila herufi ikiwa kituo cha kete. Aliyeyachonga hatumjui jina, lakini watu waliinama pale wakacheza. Wiki ijayo nataka wasilisho linaloanza naye.