Stendi ya kayaki ya kubeba kwenye gari

Kaka uliyeuliza jinsi ya kutengeneza stendi ya kukunja ya kulazia kayaki (mtumbwi mwembamba wa plastiki) ya kupeleka bwawa la Mtera, usihangaike na mabomba ya plastiki, tumia mbao za mbili kwa mbili, toboa katikati upige bolti moja na washa (kile kibati cha duara chenye tundu) ili miguu ijifunge kama mkasi, juu funga mkanda mpana wa siti ya gari uache ulegee kidogo kayaki ilale humo, chini kamba ya kuzuia miguu isitanuke. Tengeneza mbili, kila moja ikae kama robo ya urefu wa kayaki kutoka mwishoni. Na tafadhali weka kayaki kivulini, jua la huku Dodoma linalainisha plastiki, ikikaa muda mrefu kwenye mkanda mwembamba tumbo la kayaki linabonyea. Miguu ya stendi pigilia kipande cha ubao isizame kwenye tope.