Kichwa kikianza kukuuma mlimani, sema mapema

Jamani naomba niongee na nyie mnaojiandaa kupanda mlima mrefu kwa mara ya kwanza, maana kuna kosa nililifanya na sitaki mtu mwingine alirudie. Nilificha kuumwa.

Tulikuwa kambi ya kama mita 3,900, jioni, kichwa kinagonga kwa nyuma, chakula nikikiona tu nataka kutapika, na bado nawaambia wenzangu niko poa, ni uchovu. Niliogopa kurudishwa chini peke yangu. Asubuhi nikainama kufunga kamba za buti nikashindwa, vidole vinapapasa tu, nikisimama nayumba. Mwongozaji wetu hakubishana na mimi, akachora mstari kwenye vumbi kwa fimbo yake akaniambia pita hapo juu, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu nikawa nje ya mstari. Saa ileile begi langu likabebwa na mtu mwingine tukaanza kushuka, tukashuka kama mita 900, jioni kichwa kikaanza kuachia ila kule kuyumba kuliisha siku ya pili yake. Ule ulikuwa ubongo umeanza kuvimba, ningelala tena pale juu sijui kama ningeamka.

Watu wanadhani kule juu oksijeni imeisha, hapana, ni asilimia 21 ileile, ila presha ya hewa imeshuka, ukifika mita 5,500 imebaki kama nusu ya ile ya usawa wa bahari, kwahiyo kila pumzi unapata kidogo. Mwili unazoea lakini unataka siku, na kuanzia mita 2,500 hivi wengine tayari wanaumwa. Mazoezi hayakukingi. Tena wenye mbio ndio mara nyingi wanaangushwa, kwasababu wanakimbilia juu.

Ndo maana ratiba naiangalia kabla ya kitu kingine chochote. Ukishapita mita 3,000, sehemu ya kulala isipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Mchana panda juu zaidi kama unaweza, halafu rudi chini kulala. Ukiuziwa safari fupi inayoruka hayo, ongeza siku.

Kuna dawa inaitwa Diamox, inasaidia mwili kuzoea, ila muone daktari kabla ya safari na umwambie kama una aleji ya dawa za salfa. Dawa za usingizi na pombe achana nazo kabisa, usiku kule juu mtu tayari anapumua kwa shida. Panadol meza, lakini kama kichwa bado kinauma usipande hata hatua moja. Na ukimuona mwenzako anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, au anatema makohozi ya povu la pinki, mapafu yanajaa maji, mshusheni muda huohuo hata kama ni saa nane usiku, msisubiri kukuche.

Baridi nayo inaua kimyakimya. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, inakunyonya joto, vaa sufu au za mazoezi zile za kukauka haraka, na punguza nguo kabla hujaanza kutoka jasho. Miwani ya jua kwenye theluji ni lazima, macho yanaungua hata kukiwa na mawingu. Halafu pangeni saa ya kugeuza mkiwa bado chini, ikifika mnageuka hata kilele mnakiona, kwasababu kushuka kunataka miguu yenye nguvu na mwanga.

Siku hizi kabla ya kuzima tochi tunaulizana na mwenzangu wa hema, kichwa vipi, umekula, umekojoa mara ngapi. Akijibu harakaharaka "niko poa" namtoa nje, nachora mstari.