Usiegemeze jiko la mhunzi kwenye ukuta wa matumbawe

Nyumba ya babu iko Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, karibu na yanakofunga majahazi. Juu tunaishi, chini palikuwa ghala. Babu alikuwa mhunzi wa misumari ya mashua na mbuzi za kukunia nazi. Alipofariki vyombo vyake viliingia gunia moja: fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, koleo tatu, nyundo mbili na kewa la udongo, mdomo wa kupitishia upepo wa mivukuto, lililopasuka. Miaka mingi baadaye nikaamua kuurudisha uhunzi mle mle ghalani, na kwa haraka yangu nikajenga jiko pembeni, ukuta ukawa ndio mgongo wake. Nilijiambia jiwe haliungui.

Linaungua. Kuta zetu ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na matumbawe ndiyo hayo hayo wachomaji chokaa wanayoyapanga juu ya magogo. Yakifika kama nyuzi 900 za joto yanageuka chokaa, na makaa yanayovukutwa hupita hapo bila taabu. Haukupita muda, ukiweka kidole nyuma ya jiko kinazama kwenye unga mweupe. Masika ilipoingia, maji yakapenya dirishani, ule unga ukaanza kuchemka wenyewe, moshi mweupe unatoka ukutani na moto nimeshauzima tangu jana. Lipu ikavimba ikaanguka. Nikamwita mzee mmoja mwashi. Akatazama, akachota kidogo kwa kijiko, akasema, "We mtoto, hapa hukufua chuma. Umechoma chokaa."

Kwa hiyo ukitaka kufanya kazi hii kwenye nyumba kama zetu, jiko lisimame peke yake. Langu la sasa ni la matofali ya kuchoma na udongo, na mtu mzima anapita kati yake na ukuta bila kujibana. Mwashi alitoa mawe yaliyokufa akajaza matumbawe mengine kwa chokaa iliyolowekwa muda mrefu. Kabla yake fundi mwingine alinishauri nipige saruji tumalize siku moja. Ukishauriwa hivyo, mpe chai aende zake. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na haipitishi unyevu. Maji hufungika ndani na jiwe likaoza nyuma ya lipu unayoiona nzima.

Usitoboe kitu pia kabla ya kufika kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na tundu moja la dohani si jambo lako peke yako. Mimi nilikwenda na mchoro wa kutoboa dari. Nilirudi na wazo bora: bomba la bati linalopita kwenye uwazi uliokuwapo zamani juu ya mlango wa uani. Boriti za mikoko zilizo juu ya kichwa changu hazipati cheche.

Fuawe likae chini, kamwe si ghorofani. La kwangu lilikuwa juu ya sakafu ngumu, na kila pigo lilisafiri ukutani mpaka kwa jirani. Siku moja Bi mkubwa wa nyumba ya pili alikuja kimya na sahani ya wali, akanionyesha vumbi la dari juu yake. Sikuwa na la kusema. Nikazika gogo la mwembe kwenye mchanga, fuawe likakaa juu yake.

Na maji. Nilikuwa napozea kwa maji ya chumvi kwa sababu chuma hukaza haraka. Lakini yanaruka, na chumvi ikishaingia ukutani humenya lipu kama ganda la yai. Sasa natumia maji baridi ya bomba, na mafuta ya nazi kwa vyuma vyembamba.

Baada ya hasara zote hizo watu huniuliza kwa nini nisihamie kibanda cha bati shamba. Sababu ni giza. Chuma husomwa kwa rangi. Kikiwa rangi ya chungwa kinakubali nyundo; kikishuka mpaka damu ya mzee, acha, utakipasua. Juani rangi hizo hazionekani sawasawa, utadhani chuma kimepoa kumbe kinaiva. Kuta nene na dirisha dogo la babu vinanipa kivuli kile kile asubuhi na alasiri. Nimekataa taa za tyubu mara tatu.

Wageni hupita wakapiga picha, nami sichukii. Ila siku niliyoanza kugonga chuma bila kazi, ili tu cheche zionekane kwenye simu zao, nilijionea haya. Kinachoweka moto hai ni mbuzi ya kukunia nazi. Nakata kipande cha springi ya gari, nakipasha, nakiponda ncha mpaka kiwe kama ulimi, kikipoa nachonga meno kwa tupa. Halafu kirudi motoni, kipozwe, kisuguliwe king'ae, kipashwe tena polepole mpaka rangi ya majani makavu ikimbilie menoni. Ukiiruka hatua hiyo ya mwisho, meno hukatika, na jino la chuma ndani ya wali wa nazi halisameheki.

Mwanagenzi wangu alivukuta miezi mitano kabla ya kushika nyundo. Wiki hii kachonga meno yake ya kwanza, akaharakisha kupasha mara ya mwisho. Matatu yamekatika kwenye kifuu cha kwanza. Nimemrudishia mbuzi yake bila neno, na yeye ameshakwenda kuwasha makaa.