Muscat: taa ndizo zinazosema, honi ni ya kuagizia chai

Wewe uliyetoka Dar, Unguja au Mombasa ukapata kazi Muscat, kila utakayekutana naye atakuonya kwamba huku usukani uko kushoto na magari yanapita kulia. Hilo lisikutishe. Siku za mwanzo utafungua mlango wa abiria ukitafuta usukani, na utawasha waipa jua likiwaka kwa kudhani umewasha indiketa. Yatapita. Kinachotaka muda ni kuelewa madereva wa Oman wanaambiana nini, maana hawapigi kelele kama sisi.

Wanasema kwa taa. Uko Barabara ya Sultan Qaboos, leni ya kushoto kabisa, unajiona unakwenda vizuri, mara kioo kinajaa mwanga. Nyuma yako kuna Land Cruiser nyeupe, iko karibu mpaka unaiona kofia ya dereva, taa zinawaka na kuzimika. Kwetu bara, ukimulikwa na gari linalotoka mbele unajua kuna trafiki na tochi. Unapunguza mwendo, unainua mkono kushukuru. Hapa ukipunguza mwendo umeharibu kila kitu. Mwenzio anasema neno moja tu: nipishe. Angalia kioo, washa indiketa ya kulia, hama. Atapita bila hata kukutazama, kwa sababu hana ugomvi na wewe. Usishindane naye, wala usiseme "mimi niko kwenye mwendo halali". Leni ya kushoto ni ya kupitia, si ya kukaa.

Taa zote nne zikiwaka ghafla kwenye magari ya mbele, mguu uwe kwenye breki na wewe uwashe zako: kuna foleni au ajali. Hii ni desturi nzuri mno, nami natamani tungeichukua kwenda nayo Morogoro Road.

Sasa honi. Barabarani utaisikia mara chache, lakini nenda jioni kwenye mgahawa wowote mdogo wa mtaani. Gari linasimama mbele ya mlango, injini inanguruma, kiyoyozi kiko juu, na mzee mwenye kanzu nyeupe anapiga honi moja fupi. Kijana wa Kihindi anatoka mbio, anaonyeshwa vidole viwili dirishani, anarudi na vikombe viwili vya karatasi vya chai ya karak, tamu na nzito kwa maziwa na iliki. Pesa zinapokewa hapo hapo, gari linaondoka. Mgeni huona ni ufidhuli kumwita mtu kwa honi. Ukiishi hapa kiangazi kimoja, joto likipita nyuzi 40, utaielewa kabisa, na utajua honi ya mgahawa ni fupi kiasi gani.

Magari mengi ya Ghuba yana kengele inayolia ukizidi kilomita 120 kwa saa, ambazo ndizo mwisho kwenye barabara kuu. Utapanda na mwenzako, kengele inalia ting-ting-ting, naye anaongeza sauti ya redio na kuendelea kukusimulia habari za mpira. Wewe isikilize. Kamera ni nyingi, na faini zinakusubiri siku unayokwenda kuhuisha kadi ya gari. Gari chafu nalo linaweza kukuletea matatizo, kwa hiyo weka fedha ya kuoshea gari kwenye bajeti yako.

Kwenye mitaa ya ndani, ukisimama ukingoni kutaka kuvuka, dereva atasimama akungoje. Sisi tuliozoea kukimbia tukivuka hubaki tumeganda, yeye anangoja, sisi tunangoja. Vuka, muinulie mkono. Nawe ukiwa kwenye usukani fanya hivyo hivyo.

Ukipewa safari ya Salalah, mji mkubwa wa kusini, kama kilomita 1,000 kupitia Adam na Haima, jitahidi uende mchana. Ngamia hapishi wala haogopi taa. Miguu yake ni mirefu, ukimgonga kwa gari dogo mwili wote unakuangukia kwenye kioo cha mbele, na watu wamekufa hivyo. Miezi ya Juni hadi Septemba kuna pia ukungu wa kharif, yaani msimu wa manyunyu, kwenye milima ya Dhofar, mkoa wa Salalah, na hapo ngamia humwoni mpaka umemfikia.

Mabonde makavu, yaani wadi, ndiyo yanayoniogopesha kuliko yote. Mvua inyeshe milimani, wewe uko kwenye jua, na maji yanakuja. Utaona vijana wakiyakata kwa magari makubwa huku wenzao wakipiga picha. Usiwafuate. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la jinai, polisi wanakamata, na gari zito linabebwa kama boksi tupu. Simama juu, mbali na ukingo, mpigie bosi wako umwambie utachelewa, na ungoje maji yapungue. Huwa yanapungua baada ya saa chache. Ukiona mtu amenasa, namba ya polisi ni 9999.