Usitoe, gawanya: nilivyoiita sodiamu klorini

Swali lilikuwa na namba nane tu. Nishati za uionishaji za elementi isiyotajwa jina, yaani nishati ya kung'oa elektroni moja baada ya nyingine, kwa kilojuli kwa moli: 496, 4562, 6910, 9543, 13354, 16613, 20117 na 25496. Itaje elementi. Nilikuwa nimefundishwa kutafuta "mruko mkubwa", basi nikashika kalamu nikaanza kutoa: ya pili toa ya kwanza, ya tatu toa ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tofauti kubwa kuliko zote ikawa 5379, kati ya namba ya saba na ya nane. Elektroni saba za nje, nikajiambia, hii ni klorini. Nikapiga na mstari chini ya jibu.

Ilikuwa sodiamu.

Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nilichokosea ni aina ya hesabu. Kila elektroni inapoondoka, zinazobaki hung'ang'aniwa zaidi na kiini, kwa hiyo namba hupanda hata pale ambapo hujagusa mzingo mpya, yaani tabaka jingine la elektroni kuzunguka kiini. Ukishafika kwenye makumi ya maelfu, hatua ya kawaida kabisa inaweza kukupa tofauti ya elfu tano. Sasa gawanya. 4562 kwa 496 ni zaidi ya mara tisa. 25496 kwa 20117 haifiki hata mara moja na theluthi. Elektroni ya kwanza imetoka kirahisi, ya pili imegoma kwa sababu iko mzingo wa ndani. Elektroni moja ya nje: kundi la kwanza, yaani safu wima ya kwanza ya jedwali la elementi.

(Aibu ilipungua niliposoma kwamba wanafizikia James Franck na Gustav Hertz, mwaka 1914, walipata volti 4.9 kwenye mvuke wa zebaki wakadhani wameiona zebaki ikiwa ioni. Kumbe uionishaji wake unahitaji zaidi ya 10.)

Tena ningeitazama namba ya kwanza peke yake nisingeumbuka. Klorini huanza na 1251. Haiwezi kuachia elektroni kwa 496. Siku hizi naanzia hapo kabla sijagawanya chochote. Namba ya kwanza ikiwa ndogo kiasi hicho, metali alikali, yaani metali za kundi la kwanza kama sodiamu, ndiyo inayonijia kichwani. Ikipita 2000, ni heli au neoni, hakuna nyingine.

Mruko unakupa kundi, haukupi kipindi, yaani safu mlalo ya jedwali. Berili huenda 900, 1757, kisha 14849. Magnesiamu 738, 1451, kisha 7733. Zote zinaruka baada ya elektroni ya pili. Kinachozitofautisha ni ukubwa wa namba: kadiri unavyoshuka kwenye kundi, elektroni za nje zinakaa mbali na kiini, zimekingwa na mizingo ya ndani, na kuzing'oa kunakuwa rahisi. Kalisi, chini ya magnesiamu, inaanzia 590.

Ile kanuni ya "nishati huongezeka kutoka kushoto kwenda kulia" kwenye jedwali ikariri, lakini usiiamini moja kwa moja. Magnesiamu ina 738, alumini inayoifuata ina 578, kwa kuwa elektroni ya mwisho ya alumini iko kwenye 3p, ambayo nishati yake iko juu ya 3s (3s na 3p ni sehemu mbili za mzingo wa tatu). Fosforasi 1012, salfa 1000: kwenye salfa elektroni mbili zimebanana obitali moja (chumba cha elektroni zisizozidi mbili) ya 3p, zinasukumana, mojawapo inatoka kwa urahisi kidogo. Tofauti ni 12 tu, ila watunga mitihani wanaipenda mno.

Halafu kuna chuma: 762, 1562, 2957, 5290. Gawanya uone, kila hatua ni karibu mara mbili, hakuna panaporuka. Nikikutana na orodha inayopanda taratibu namna hiyo, siendelei kusaka mruko. Naanza kuishuku metali ya mpito, yaani zile za katikati ya jedwali, kama chuma.